Namba Shingoni mwa Pikipiki

Nilionywa, nisije nikasema sikuonywa. Mwenye duka la vipuri pale Kibiti, Mhindi ambaye babu yake alimuuzia babu yangu misumari ya mashua, alinitazama juu ya miwani akaniambia, "Mama, hii ni ya porini, ya michezo. Mchina hakuitengeneza kwa barabara. Haina indiketa, haina honi, haina saitimira, haina hata pa kufungia kibao cha namba. Chukua hii ya bodaboda uende zako." Nami, kwa kiburi cha mtu aliyekaa miaka mitatu bila kazi halafu akaipata ghafla, nikamjibu kuwa ya bodaboda itanifia kwenye tope la Mahege. Nilitaka hiyo hiyo ndefu, yenye tairi za kashata kubwa, meno ya kung'ata tope. Kwa aina yake ilikuwa rahisi kuliko zote, na akili zangu ziliishia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi mmoja wa mbegu za mpunga ulitafuta mtu wa kuzungukia vikundi vya wakulima, Mahege, Mkongo, hadi kushuka delta. Sharti lao: uwe na pikipiki yako mwenyewe, imesajiliwa kwa jina lako, ina kadi, ina bima, ina namba nyuma. Ukifika Jumatatu ya kufungua mafunzo huna kadi, nafasi anapewa mwingine. Nilikuwa na wiki nne. Nikajiambia, wiki nne si nyingi hizo? Watu wanaolewa kwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza ikaliwa na fundi pikipiki. Huyo bwana ukimuuliza kazi imefikia wapi, anakujibu "tayari" akiwa ameshika sahani ya chipsi. Siku aliyosema tayari ya kweli, niliwasha indiketa ya kulia, honi ikalia. Nikakanyaga breki, taa ya mbele ikazima. Nikamwuliza, "Hivi hii ndiyo kazi uliyonifanyia?" Akasema, "Dada, waya za Mchina hazifanani na zetu." Kana kwamba sisi tuna kiwanda cha waya Kibiti! Nilikaa pale kwenye kreti la soda, sijala, sijanywa, mpaka kila taa ikawaka ilipotakiwa kuwaka.

Hapo ningekwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi. Ningekwenda! Sijui ni nani alinituma kumpigia simu baba.

Baba yangu ni fundi wa vyombo Mbwera, mashua na mitumbwi, miaka zaidi ya arobaini. Kwa watu wa kwetu, hakuna kitu kinachogusa maji ya chumvi kabla hakijapita mikononi mwa fundi. Kisuguliwe, kizibwe matundu, kipakwe deheni, ile chokaa inayopondwa na mafuta ya papa. Hata tangi la maji la shule alilipaka, hakuna aliyemwomba. Nilipomwambia pikipiki yangu itakuwa inavushwa kwa boti, akashtuka kweli kweli. "Unataka kuishusha huku hivyo hivyo, mbichi? Chumvi itaila kabla mwaka haujaisha. Niletee."

Nikaipakia kwenye boti Nyamisati, nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kuipapasa kuanzia tairi la nyuma hadi usukani, polepole, midomo ikichezacheza. "Rangi gani hii?" akauliza.

"Nyekundu, baba, si unaiona?"

"Naiona. Nauliza nyekundu ya namna gani."

Nikacheka. Nikasema moyoni, mafundi na maringo yao. Chai aliyonimiminia ikafurika kikombe hadi mezani, nikaifuta, nikamwambia mikono yako imezeeka. Akasema labda. Pale ukumbini hapakuwa na gazeti hata moja, yeye ambaye zamani alikuwa anasoma mpaka lililofungia vitumbua. Nikamwuliza. Akasema magazeti ya siku hizi hayana kitu.

Baada ya wiki nikarudi kuichukua. Yarabi! Pikipiki yangu nyekundu ilikuwa ya kijivu, na inanuka papa kuanzia gatini. Kila tundu limezibwa kwa pamba na deheni, hadi la honi, nayo ikawa inalia kama mtu mwenye mafua. Paka watatu walikuwa wameizunguka. Baba amesimama pembeni, mikono nyuma, anasubiri kusifiwa.

"Na yale makwaruzo ya shingoni nimekuondolea," akasema. "Hapo chini ya usukani palikuwa pamechubuka vibaya, alikuuzia kitu kilichokwisha kuparuzwa. Nimepiga tupa, nimepiga msasa, pametulia kabisa. Pitisha mkono."

Nikapitisha mkono. Laini kabisa. Nikasema ahsante, baba. Jamani, nilisema ahsante!

Siku ya ukaguzi nilikuwa wa kwanza kituoni, nimeosha pikipiki kwa sabuni mara tatu na bado inanuka. Askari wa trafiki, mtu mpole mwenye sauti ya uchovu, akaizunguka na karatasi yake. Taa, sawa. Indiketa, sawa. Saitimira, sawa. Honi ilipolia akanitazama, akaamua kuandika sawa. Kisha akainama shingoni mwa fremu, akafuta kwa kitambaa, akafuta tena, akaagiza tina ya kuondolea rangi. Akasugua mpaka chuma kikang'aa.

"Dada, namba ya chesisi iko wapi?"

"Si hapo?"

"Hapa pamepigwa tupa."

Makwaruzo! Namba zote kumi na saba, herufi na tarakimu, zilizogongwa kiwandani huko Uchina, ndizo makwaruzo ambayo baba yangu aliniondolea kwa mapenzi yake yote. Na kwa mkono wangu huu nilipapasa pale nikamshukuru.

Askari hakufoka, na afadhali angefoka. Alinieleza taratibu kwamba pikipiki iliyofutwa namba, kwao ni pikipiki ya wizi hadi ithibitike vinginevyo, kwa hiyo inalala kituoni. Nikamwambia ni baba yangu, fundi wa mashua, alidhani imechubuka. Akasema, "Kila siku nasikia hadithi, dada, lakini hii ni mpya." Nilete nyaraka za uagizaji kutoka dukani, namba ya injini ilinganishwe, na huyo aliyefuta aje mwenyewe kuandika maelezo. Vikikamilika hivyo ndipo kibali cha kugonga namba upya kitaombwa. Zilibaki siku kumi.

Mwenye duka alinipa nakala zote bila kinyongo, ingawa alitikisa kichwa mpaka miwani ikamshuka. "Nilikuambia uchukue ya bodaboda," akasema. Nikamwambia ukirudia tena maneno hayo nitalia hapa hapa mbele ya wateja wako. Akaniagizia soda.

Lililobaki ni baba. Nikapiga simu, nikamweleza. Akasema kuna mashua haijamalizika. Siku ya pili, maji ya bamvua, boti zinasumbua. Siku ya tatu, goti. "Andika wewe hayo maelezo," akasema, "mimi nitaweka dole gumba huku huku."

"Dole gumba? Wewe unajua kusoma na kuandika!"

"Goti, mwanangu."

Siku ya nne nilipandwa na hasira mpaka nikatoka nje, majirani wasisikie, na wakasikia. Nilimwambia, "Baba, umeniharibia kazi, sasa unanikatalia hata kuja kusema ni wewe! Miaka mitatu nimekaa, nimeuza maandazi, nimeazima hadi nauli, leo nimepata, umeifuta kwa tupa! Una roho gani?" Sijawahi kumwambia baba yangu maneno kama hayo. Nikasikia nyundo ya mtu inagonga mbao huko nyuma yake. Akasema, "Kesho nakuja."

Alifika na bodaboda kutoka Nyamisati. Yule dereva alimshika mkono hadi mlangoni, nikasema kumbe goti kweli. Shati lake jeupe la Ijumaa vifungo vilikuwa vimepishana, upande mmoja juu, mwingine chini. Shikamoo yangu ilitoka kavu. Nikamfunga vifungo upya barabarani, kwa hasira, nikimvutavuta, nikisema unataka watuone tumetoka wapi. Akaniacha nimfunge.

Kituoni askari alimwekea kiti, akamwuliza maswali, akaandika. Jina, umri, kazi, kijiji. Je, ni wewe uliyefuta namba? Ni mimi. Kwa nini? Nilidhani ni makwaruzo. Akamaliza, akamsukumia karatasi. "Soma mwenyewe, mzee, ukiridhika tia sahihi."

Baba akaiokota mezani, akaigeuza, akaiinua. Akaisoma. Kichwa chake kikaenda kushoto, kikarudi kulia, mstari kwa mstari, bila haraka, kama alivyokuwa akisoma gazeti mimi nikiwa mdogo. Alipofika chini akasema, "Sawa, afande. Ni hivyo hivyo."

"Mzee," akasema askari, kwa sauti ndogo. "Huo upande hauna maandishi."

Baba hakuishusha karatasi. Mimi nikaitazama ile karatasi, nyeupe tupu kwa upande wake, maandishi yote yakinielekea mimi. Ndipo ile chai mezani ikanirudia, na nyekundu ya namna gani, na vifungo.

Askari aliweka kalamu chini. Akasema, na naona hakupenda kusema, kwamba maelezo yale yana tatizo. Fundi wa miaka arobaini, anayejua kusoma, anafutaje namba nzima asijue kuwa ni namba? Wakubwa wakiyasoma watauliza hilo hilo, na kibali hakitatoka. "Lazima kuwe na sababu, mzee."

Nilitaka kusema aache. Wallahi nilitaka kusema basi, kazi iende, tuondoke.

Baba akasafisha koo. "Andika kwamba sioni."

"Huoni kabisa?"

"Naona mwanga. Mtu namwona kivuli. Tangu mfungo wa mwaka jana. Kazi naifanya kwa vidole, na hakuna chombo changu kilichovuja." Akageuza uso kunitafuta, akanikosa kidogo, akawa anauambia ukuta. "Nikisema nyumbani, nani ataniletea mashua tena? Ndiyo maana sikutaka kuja. Lakini andika, afande. Andika fundi huyu haoni, alipapasa, akakosea. Binti hana kosa."

Askari akaandika. Nikamsomea baba kwa sauti, neno kwa neno, na nilipofika kwenye "haoni" ilibidi nianze tena. Kisha nikaushika mkono wake nikauweka penye mstari, akatia sahihi yake ileile nzuri yenye mkia mrefu.

Kibali kilitoka. Namba ikagongwa upya mbele ya mkaguzi, na Alhamisi nikawa na kadi mkononi, kibao kimefungwa nyuma, bima imelipwa. Kabla ya hapo simu zilikuwa zimeshaanza kutoka Mbwera. Mwenye ile mashua ambayo haijamalizika alitaka kujua kama ni kweli, maana habari za kituoni zimeshamfikia, na kama ni kweli basi atachukua fundi mwingine, asimwelewe vibaya. Baba alizungumza naye vizuri, akamwelekeza ni mbao gani zimebaki. Alipokata simu alikaa na simu mapajani.

Ijumaa asubuhi nilitaka tuwahi kliniki ya macho. Nikaitoa pikipiki uani, ingali inanuka, paka wa jirani ameshajisogeza. Baba akasimama kando yake na ile fimbo niliyomkatia, fimbo ambayo anaichukia. Tangu siku ile ya simu sikuwa nimemwomba radhi. Kila nilipotaka kuanza, nilijikuta namwuliza kama chai ina sukari.

"Zi wapi?" akauliza.

Nikaushika mkono wake nikaupeleka shingoni mwa fremu. Akapitisha kidole gumba, moja moja, hadi ya mwisho, kisha kidole kikarudi nyuma, kikasimama kwenye mojawapo.

"Kazi mbovu," akasema. "Hii ya tano imepinda."

Nikainama kutazama. Ilikuwa imepinda. Kidogo sana, upana wa uzi. Mimi niliiona ikigongwa, mkaguzi aliiona, na hakuna kati yetu aliyegundua.

"Imepinda kweli, baba."

Akaitika kwa kichwa. Akafuta vidole kwenye shati, nikamsaidia kupanda nyuma, akanishika kiunoni.

"Twende," akasema, "na usinipigie kelele njiani."

"Sikupigii tena, baba," nikasema, nikapiga kiki.