Kuni Kavu

Juzi mdogo wangu alikohoa, akaanza kujieleza kabla sijamuuliza. "Ni baridi tu, dada. Halafu sikulala vizuri. Halafu jana nilinyeshewa."

Nikakumbuka mchana mmoja jikoni kwetu Kyimo, moshi umejaa, mvua inapiga bati. Mama alikunja kitambaa chenye damu. "Ni kuni mbichi hizi, mwanangu. Halafu jana nilibeba ndizi nyingi. Halafu jino nalo linatoa damu."

Nilifurahi kusikia sababu nyingi namna ile. Sikujua kwamba zote zilikuwa hofu. Nikaomba kuni kavu kwa jirani, nikamwashia moto usio na moshi. Alinishukuru huku akikohoa. Mwaka uleule tulimzika, nikaacha shule.

Nilimwacha mdogo wangu amalize. Kisha nikamwambia, "Vaa viatu, twende hospitali."