Mkandaji wa Voi na Chumba Anachokiogopa

Jua la Voi halijachomoza vizuri, na Bi Zaitun Sufian tayari yuko uani na ndoo zake mbili. Anainua ya kwanza hadi usawa wa bega, anamimina maji kwenye ya pili, kisha anayarudisha yalikotoka. Anamimina tena. Maji yanamrukia kanga na miguu, naye anageuza uso pembeni kama mtu anayekaanga samaki.

Jirani anachungulia juu ya ukuta na kumuuliza maji hayo yamekosa nini.

"Yapumue kwanza," Zaitun anamjibu, wala hacheki.

Anayeyasubiri ni bintiye, Nasiha, aliyejifungua mtoto wa kiume wiki iliyopita na sasa yuko kwa mamake kumaliza arobaini. Ndiyo desturi ya familia hizi zenye asili ya pwani zilizokaa Voi tangu enzi za babu zao. Mimba ya kwanza, binti hurudi kwao. Huoshwa kwa maji ya moto, hukandwa, hufungwa mkaja tumboni na kufukizwa udi. Siku zote hizo hukaa chumbani, madirisha yamefungwa, upepo usimwingie yeye wala mtoto.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Zaitun. Kwa umri wa miaka hamsini na minane, amewakanda wanawake wa mtaa mzima wa nyuma ya soko, Waislamu kwa Wakristo, na wengine amewafuata hadi Mraru. Vitoto alivyovinyoosha viungo zamani leo vina watoto wao.

Ila mwezi huu anasita mlangoni kabla ya kuingia kwa mzazi.

"Naogopa, sikufichi," anasema, akikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Naiogopa nyumba yangu mwenyewe. Nikiingia chumbani napumua kidogo kidogo, kama mwizi."

Nyumba yenyewe ilijengwa na baba mkwe wake, kwa mawe. Kuta nene, sakafu ya saruji iliyojaa nyufa. Uani kuna kisima kilichochimbwa kwa mashine, baada ya familia kuchoka kungojea maji ya mfereji yanayokuja yanapotaka yenyewe. Chumba cha ndani kilikuwa na dirisha, lakini wezi walipopitia hapo, likazibwa kwa mawe. Tangu siku hiyo kikawa ndicho chumba cha kulelea wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, maana kina joto na kimetulia.

"Ukifukiza udi leo, harufu unaikuta hadi kesho," anasema Zaitun. "Tukijisifia jambo hilo."

Maji ya kisima wameyazoea. Yana chumvi, na watoto wa nyumba hiyo wote wana madoa menoni. Hilo nalo ni baya, lakini ukijitazama kwenye kioo unaliona. Hili la sasa hulioni, hulinusi, wala hulionji.

Habari zake zililetwa mwaka jana, wakati wa kiangazi, na Elsie, msichana Mtaita wa Kidawida kutoka Wundanyi anayesomea mambo ya maji chuoni. Alikuwa akipita mitaani kuomba kupima visima vya nyumba za zamani. Kwa Zaitun alijaza chupa maji, akaacha kikopo cheusi cha plastiki juu ya kabati la chumba cha ndani, akaahidi kurudi kukichukua baada ya miezi mitatu. Alipoulizwa anatafuta nini, alisema kuna gesi inaitwa radoni, inatoka kwenye miamba chini ya ardhi, na inaweza kuwa ndani ya maji.

Hapo ndipo Zaitun alipoteleza. Katika maneno yote hayo alishika moja tu: maji. Na kwa mkandaji, maji yakitiliwa shaka dawa yake ni moto.

Wakati huo alikuwa akimlea mzazi mwingine chumbani humo, Safaa, binti wa shemeji yake. Akaanza kutia koili ya umeme kwenye ndoo ya maji mle mle ndani, anachemsha hadi kuta zinatoka jasho. Anamkalisha Safaa juu ya mvuke, amegubikwa shuka. Kisha anafukiza udi na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa. Kila hofu ilipomzidi, alizidisha moto.

Elsie alipokwisha kukichukua kikopo na kuleta majibu, alitaka waketi kwanza. Kikopo, kilichokuwa kikipima hewa ya chumba, kilionyesha gesi mara kadhaa zaidi ya kiwango ambacho wataalamu wanashauri kisipitwe nyumbani. Maji ya kisima nayo yalikuwa nayo.

"Mama, haya maji mnachemshia wapi?" aliuliza.

"Humu humu. Nayachemsha hasa, usiwe na wasiwasi."

Msichana akageuka kulitazama dirisha lililozibwa. Halafu akamweleza polepole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa maji ya kunywa ni jambo zuri. Lakini radoni haifi kwa moto. Hutoka majini na kuingia hewani. Nje ingepeperuka. Chumbani, pasipo dirisha, inabaki, na ile inayopenya kwenye nyufa za sakafu inaongezeka juu yake.

"Inaua?" Zaitun aliuliza.

"Si leo wala kesho. Shida ni kuivuta miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya mapafu. Arobaini moja si ya kukutisha hivyo, mama. Wa kuogopa ni yule ameishi humu."

Elsie alidhani anamtuliza. Hakujua anaongea na nani.

Mansur, mumewe Zaitun, alikuwa fundi cherehani. Ukiacha siku za kulelewa wazazi, alilala chumba hicho tangu walipooana hadi alipofariki miaka minne iliyopita, kwa saratani ya mapafu. Hospitalini kila daktari aliyemwona alimuuliza habari za sigara.

"Hakuwahi hata kuionja," anasema Zaitun. "Wakawa wanamtazama kama mtu anayeficha jambo. Hata mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nililichukua shati lake nikalinusa."

Elsie amemwambia, na amerudia, kwamba hakuna awezaye kusema gesi hiyo ndiyo iliyomuua mtu fulani. Zaitun anakubali kwa kichwa. Moyo haukubali.

Na Nasiha, aliyeolewa Taveta na mfanyabiashara wa ndizi, alikuwa na mimba ya miezi minane. Vyumba vya mbele ni duka la nguo la Mwinyihaji, kaka mkubwa wa marehemu na babake Safaa. Kilichobaki ni kile cha ndani. Kumwambia binti asije kwao kuzaa ingekuwa aibu ya kusemwa mtaa mzima. Kumleta ni kumlaza alipolala babake. Zaitun alipiga simu Taveta akaikata kabla haijapokewa, zaidi ya mara moja.

Mwishowe alimfuata Mwinyihaji kumwomba dirisha lizibuliwe. Mzee akakataa.

"Shemeji, sote tumezaliwa humu," alimwambia. "Leo kikopo kinatwambia nyumba ya baba inaua watu? Na mtoto akiingiwa na upepo, utamlaumu nani?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa yake. Ni yeye aliyewafunza wanawake wa mtaa huo kuuogopa upepo. Ameshika vichanga waliobanwa kifua wakamfia mikononi. Hofu ya zamani haikuondoka ilipokuja mpya.

Hata hivyo alimwita Mulinge, fundi wa ujenzi, bila kumwambia shemeji yake. Nyundo ilipoanza kulia, Mwinyihaji akaacha wateja dukani na kuja hadi mlangoni. Mulinge akaiweka nyundo chini. Zaitun alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mzee hakutukana. Alikitazama kitanda kwa muda mrefu, vumbi likimwangukia mabegani.

"Mansur akilala upande gani?"

"Wa ukutani. Pale penye ufa."

"Na Safaa?"

"Papo hapo, shemeji."

Mwinyihaji akavua kofia, akaikung'uta, akamwambia fundi amalize kabla ya adhuhuri.

Sasa dirisha lina nondo na wavu, na nyufa za sakafu zimejazwa saruji. Maji huchemshiwa uani, baada ya kumiminwa kwa ndoo ili gesi itoke, na ya kunywa nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Wanawake wanaokuja kumwona mtoto wanatazama pazia linavyopepea na kuguna. Wazazi wawili waliokuwa wamwite Zaitun wamemwita mkandaji mwingine, anayefunga madirisha.

Yeye mwenyewe hatulii. Kila mara anaingia kumgusa mjukuu pua na nyayo.

"Mama, umefungua dirisha, kisha umemfunika mtoto mablanketi matatu," Nasiha anamtania kutoka kitandani. "Chagua hofu moja."

Kikopo kipya kiko juu ya kabati, na majibu bado. Yakiwa mazuri, Zaitun anataka kurudi kwa wale wote aliowafungia madirisha katika nyumba za mawe, awaambie wafungue. Yakiwa mabaya, watahama, na Mwinyihaji ameshakubali.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata Nasiha hajaambiwa. Zaitun anashusha sauti na kusogeza kibao karibu na ukuta, mbali na dirisha lililo wazi.

"Miaka yote aliyolala Mansur chumbani humu, nililala naye. Na alipokufa nikaendelea kulala," anasema. "Arobaini ikiisha, mtoto akarudi Taveta salama, nitakwenda kupigwa picha ya kifua. Nimemwomba Elsie anisindikize. Nikienda peke yangu, najijua, nitafika kwenye lango la hospitali nigeuke."

Kutoka chumbani mtoto analia. Zaitun anafuta mikono kwenye kanga, anavuta pumzi nyingi hapo uani, anaibana kifuani, ndipo anaingia.