Dawa ya Kuongeza Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya uhuru, Metroni, mkuu wa wauguzi, alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Kliniki yetu ya wajawazito ilikuwa karibu na River Road, Nairobi, juu ya duka la misumari, na kina mama walifika kwetu wakihema. "Nesi Zuhura," akaniambia, "anayehema kupita wenzake, mfunue jicho." Maana yake nivute ukope wa chini nitazame ndani. Wekundu ni salama, weupe ni upungufu wa damu.

Kipimo chetu kilikuwa karatasi ya kunyonya wino. Unamchoma mama kidole, unadondosha tone, likipoteza mng'aro unalilinganisha na kadi yenye rangi, kuanzia nyekundu iliyokolea hadi waridi. Aliyeangukia waridi alipewa vidonge vya madini ya chuma, nami nikimwambia kwa Kiswahili changu cha Mombasa: "Hii ni dawa ya kuongeza damu, mama. Kila siku, usikose." Naye huitikia, "Ndiyo, Sista," akaenda zake. Nilijiona hodari kwelikweli.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa upande wa Kilimani na Karen, kuwatembelea wajawazito walioishi boi kota, vile vyumba vya wafanyakazi nyuma ya majumba makubwa. Huko Kilimani ndiko nilikomkuta Rispa, mwenyeji wa Kakamega, mwenye mimba ya nne. Mumewe, Zakayo, alikuwa mtunza bustani. Nilimpa vidonge, na miezi miwili baadaye tone lake lilikuwa waridi vilevile.

"Unameza?"

"Nameza, Sista."

"Choo chako kina rangi gani? Sema tu, mficha uchi hazai."

"Choo? Ni ya kawaida tu."

Hapo nikamkamata. Vidonge vile hukitia choo weusi, na asiyeuona weusi huo mara nyingi hamezi. Nikapandwa na hasira. Nikamwuliza kama anataka kuwaachia watoto wake watatu mama wa kambo. Rispa akanyoosha mkono juu ya kabati, akateremsha kopo la kakao. Vidonge vyote vilikuwa humo.

"Sista, usikasirike. Dada ya Zakayo alikufa akizaa. Damu ilimwagika, godoro ikalowa mpaka chini. Sasa wewe unaniambia niongeze ingine? Si hiyo yote itatoka siku ya kuzaa?"

Nilikaa kitandani pake nikaona haya. Neno langu mwenyewe ndilo lililomtisha.

"Rispa, wageni wakija wengi ukaongeza maji kwenye chai, sufuria si inajaa?"

"Inajaa, lakini hiyo chai haina kitu."

"Basi damu yako ndivyo ilivyo. Sufuria imejaa, majani ni machache. Kidonge hakiongezi sufuria, kinatia majani."

Akacheka. "Kumbe ni majani! Si ungesema hivyo?"

"Na chai yenyewe usimezee kidonge, inakipunguzia nguvu. Meza kwa maji ya limau."

Nyama ilikuwa ya sikukuu kwao. Nikatoka kumtafuta Zakayo, nikamkuta anang'oa terere na managu, mboga za kienyeji zinazojiotea, anazitupa shimoni kwa sababu mwajiri wake alitaka nyasi tupu.

"Zakayo, unatupa dawa ya mkeo!"

Akajikuna kichwa. "Sista, hii nilikula nyumbani mpaka nikachoka. Nilidhani Nairobi watu wanakula kabeji."

Tangu siku hiyo magugu yale yaliingia chunguni, pamoja na omena, wale dagaa wa ziwani, na maharagwe. Nami kila Alhamisi nilifika, Rispa akameza kidonge nikimwangalia, na choo nikauliza. Metroni, ambaye bado alikuwa mkuu wangu, akanionya kwamba nina wajawazito wengine. "Huyu simwachi," nikamjibu, na mimi sikuwa na desturi ya kumjibu Metroni.

Mwezi wa tisa tone lilikuwa limekaribia wekundu unaotakiwa. Nikahakikisha anazalia hospitali. Alijifungua adhuhuri, mtoto wa kike, na damu ikamwagika kweli, nyingi, wakunga wakahangaika naye hadi ikakatika. Nilipofika wodini midomo yake ilikuwa mikavu, lakini alikuwa ameketi akinyonyesha.

"Sista, ilimwagika."

"Nimeambiwa."

"Lakini ilibaki."

Nikalia palepale mbele ya wagonjwa, na sare yangu mwilini.

Sasa nimestaafu. Wauguzi wachanga wana mashine za kupimia, na nikiwasimulia habari za Rispa hunisifu. Nawaambia mama akiitikia "ndiyo", kazi haijaisha, mwulizeni amesikia nini. Sifa zao nazipokea kwa shida. Miaka minne kule River Road niliwaambia kina mama wengi neno lilelile, wote wakaitikia, nami sikumfuata hata mmoja nyumbani kwake.