Dina na diski ya mgongo wa Laurenti

Basi la kwanza la kwenda Singida linapiga honi ya mwisho, na vumbi lake bado halijatua, Dina Calist anapoinua ubao wa dirisha la kibanda chake karibu na stendi ya Kiomboi. Anautegemeza kwa fimbo ya mti wa mtundu. Anachukua kanga kuukuu, anafuta meza, kisha anafuta tena.

Juu ya meza ipo kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Dina anainamisha kichwa, anaingiza brashi ya kupakia rangi, ile ndogo ya inchi moja, na kulifagia vumbi jekundu polepole kuelekea nje, kama mtu anayefagia jiko bila kutaka kuamsha mtoto.

"Wengine wanapuliza kwa mdomo," anasema bila kuinua macho. "Mdomo una mate. Unatoa vumbi unaweka maji, sasa umesaidia nini?"

Dina ana miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na mzaliwa wa Kinyangiri. Hapa Kiomboi wengi humwita Mama Faith, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kazi yake ni kuandika barua za watu, kuchapa, kuingiza nyimbo za kwaya kwenye simu, na kutengeneza kompyuta. Siku ikiwa njema hubaki na shilingi elfu kumi na tano mkononi. Siku umeme ukikatika hubaki na stori.

Ufundi alifundishwa na mzee Urbano, fundi redio ambaye hadi leo yuko mtaa wa pili. Dina alikuja mjini kumsaidia shangazi yake kuuza uji, na uji ukiisha alikuwa anakaa mlangoni kwa mzee huyo akitazama.

"Hakuniuliza wewe ni mwanamke utaweza," anakumbuka Dina. "Aliniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Akasema, basi ingia, shika hii taa."

Mwenyewe anasema haipiti wiki bila kumshukuru Mungu kwa taa ile. Ila siku iliyomfanya ajulikane mpaka vijiji vya Sekenke ni siku moja ya mwezi wa tatu, alipoitwa kwenye kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji, kwa sababu kompyuta mpya ilikuwa imekataa kusoma diski.

Diski ilikuwa ya Laurenti, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikuwa ameteleza ngazi shimoni, akaangukia mgongo. Alipelekwa Dodoma, akapigwa picha ya kipimo kikubwa, akarudishwa na karatasi moja na diski moja iliyofungwa kwenye bahasha. Tangu hapo alikuwa analala tu. Mkewe, Winfrida, alikuwa anamgeuza kama mtoto.

Siku hiyo daktari wa mifupa alikuwa amekuja kituoni, na saa nane mchana gari lake lilikuwa linaondoka. Kurudi kwake kulikuwa baada ya miezi mitatu. Laurenti alifikishwa kwa bajaji, godoro likiwa limekunjwa chini yake, akalazwa kwenye benchi la korido.

Daktari alisoma karatasi, akaigeuza, akairudisha.

"Karatasi inaniambia pana ufa," alimwambia Winfrida kwa upole. "Haisemi ufa unaelekea wapi. Ukiwa unabana mshipa wa fahamu, lazima apasuliwe. Usipobana, tusimguse kabisa. Siwezi kukisia mgongo wa mtu, mama. Nahitaji kuiona hiyo picha."

Laptopu ya daktari, kama nyingi za siku hizi, haikuwa na pa kuingizia diski. Kompyuta ya kituo ilikuwa napo. Ilikuwa mpya, imeletwa kabla ya Krismasi, na nailoni ya kiooni haijabanduliwa. Wakaweka diski. Trei ikaingia, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski.

Ndipo Severina, muuguzi mfawidhi wa kituo, akampigia Dina simu.

"Mama Faith, uko wapi? Acha unachofanya."

"Naandika barua ya mtu, Sista."

"Mwambie aandike mwenyewe. Njoo."

Dina alipanda bodaboda na mfuko wake wa bisibisi. Na hapa anakiri kwamba alianza vibaya. Aliitoa diski, akaigeuzia mwanga wa dirisha, akaona mikwaruzo, akasema palepale mbele ya watu: "Hii sidii imekwisha."

Winfrida hakulia. Alikaa chini sakafuni pembeni ya benchi, akamwambia mumewe jambo kwa Kinyiramba, na mumewe akageuza uso ukutani.

"Nilijiona nimeua mtu kwa mdomo," anasema Dina. "Mzee Urbano alinifundisha, usihukumu kitu kimoja kabla hujakipima kwa kingine. Nikaenda mwenyewe kuomba sidii yoyote ile."

Severina alikuwa na ya kwaya kwenye droo. Wakaiweka. Mlio uleule, ukimya uleule. Hata ile ya kwaya, isiyo na mkwaruzo, haikusomwa.

"Mama," Dina akamwambia Winfrida, "nisamehe. Sidii yako ni nzima. Mgonjwa ni hii kompyuta mpya."

Akazima, akafungua ubavu. Waya wa data akauchomoa na kuurudisha. Waya wa umeme akauhamishia tundu lingine. Akawasha. Kompyuta ilikiona kisoma diski chake vizuri, ikakiandika hata jina, ila diski haikuiona.

Stoo kulikuwa na kompyuta ya zamani iliyokufa. Dina akakichomoa kisoma diski chake kwa matumaini makubwa, lakini waya wake ulikuwa mpana kama utepe, na mpya inataka mwembamba. Havikuoana. Yeye mwenyewe kibandani alikuwa nacho kimoja tu, cha kuchomeka pembeni, ila alikuwa amemwazima mzee Urbano, na mzee alikuwa amekwenda nacho Singida mjini. Akampigia.

"Narudi na basi la jioni," mzee akasema. "Kwani kuna nini?"

"Jioni ni mbali, mzee."

"Basi kisikilize. Kabla hujakishika, kisikilize."

Dina akaweka diski tena, akalaza sikio juu ya chuma. Ndani diski ilikuwa inaanza kuzunguka, inashika kasi, halafu inateleza, inaanza upya, mpaka inakata tamaa.

"Kama baiskeli yenye cheni legevu, inapanda mlima," anaeleza. "Nikajua ubongo wake mzima. Shida ni miguu."

Kuitazama miguu kulitaka kukifungua kisoma diski chenyewe. Juu ya skrubu palikuwa na stika ya waranti. Severina akawapigia waliouza. Wakasema isiguswe, iletwe, majibu ni baada ya wiki mbili, na stika ikichanika wao hawamo.

Muuguzi huyo akasimama na simu mkononi. Kompyuta ilikuwa kwenye dhamana yake. Ikifa, yeye ndiye wa kuulizwa. Akatazama koridoni, Laurenti akiwa amelala na kofia yake kifuani.

"Ukikifungua, unaweza kukirudisha?"

"Kukirudisha naweza, Sista. Kupona siwezi kuahidi."

"Chana," Severina akasema. "Nitajibu mimi."

Dina akanyoosha klipu ya karatasi, akaisukuma kwenye kitundu kidogo cha mbele, trei ikatoka nusu. Akafungua skrubu nne, kila moja akaiweka kwenye kifuniko cha chupa ya dawa. Alipoinua bati, harufu ikamjia. Akainusa mara mbili. Akamnusisha Severina.

"Haiwezekani," Severina akasema.

"Ni alizeti, Sista. Tena ya kukamua nyumbani."

Ndani, reli za trei, mkanda mdogo wa mpira, hadi jicho la kioo linalosoma diski, vyote vilikuwa vimepakwa mafuta, nayo yalikwisha kuganda, yakawa yananata kama ulimbo.

Mlangoni, Magreth, mama mtu mzima anayefanya usafi kituoni, aliegemeza ufagio wake ukutani.

"Shikamoo, mama," Dina akamsalimu, maana tangu aingie hakuwa amemwona.

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike kutafuta. Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Kilikuwa kinalia ngiii kikitoka. Kitu kipya, kinalia. Nikaona aibu. Cherehani yangu ikilia naichovyea unyoya wa kuku kwenye alizeti, napitisha, inanyamaza. Nacho nilikipitishia hivyo kikiwa kimetoka, kikanyamaza, Mama Faith. Mungu ananiona, kilinyamaza kabisa."

"Kilinyamaza kweli," Dina akasema. "Hakijasema tena."

Kicheko kilianzia koridoni, kwa Laurenti mwenyewe, ambaye alishika ubavu akiomba wasimchekeshe kwa sababu anaumia. Magreth naye akacheka, macho yakiwa na machozi, na Severina, aliyekuwa amekunja uso, akaufungua.

"Mama Magreth, lete pamba na spiriti," akasema. "Umempa ugonjwa, mpe na dawa."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na Dina hana haraka hata anapoisimulia. Pamba aliisokota kwenye njiti ya kibiriti mpaka ikawa kama punje ya uwele. Reli akazifuta kwa spiriti. Mkanda akauvua kwa kibanio, akausafisha ndani na nje, akaukausha kwa kitambaa. Jicho akaligusa kwa duara tu, kwa pamba kavu kwanza, kisha yenye unyevu kidogo, akiwa amebana pumzi. Magreth alimshikia tochi.

Akafunga. Wakaweka diski. Trei ikaingia, diski ikashika kasi, ikateleza. Hakuna.

Daktari akachungulia. "Fundi, dereva ameshawasha gari. Nimemwambia asubiri kidogo."

"Asante, daktari. Aendelee kusubiri."

Akafungua upya. Akatazama kila alipopita, halafu alipokuwa hajapita: kile kitako cha katikati ambacho diski hukalia, na pete yake nyembamba ya mpira. Akaigusa kwa kidole. Iling'aa kwa mafuta. Diski ilikuwa kama imekalia sabuni.

Akaifuta pete, akaikausha, akaifuta tena. Akafunga kwa skrubu mbili tu, nyingine akaziacha kwenye kifuniko. Safari hii diski ilipozunguka haikuteleza. Ililia mlio mmoja mrefu uliotulia, na kioo kikaanza kujaza picha, moja chini ya nyingine, za kijivu.

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari alivuta kiti, akapitisha picha moja moja, akarudi nyuma, akaongeza ukubwa. Winfrida alikuwa amesimama, ameshika mlango.

"Mama, njoo uone," daktari akasema. "Ufa ni huu. Na mshipa ni huu hapa. Haujabanwa. Hapasuliwi. Atavaa mkanda, atafanya mazoezi, atatembea."

Winfrida akamtazama daktari, akamtazama Dina, akampita Dina akaenda kumkumbatia Magreth, ambaye ndiye aliyekuwa karibu. "Nilikuwa nashukuru mtu yeyote," alisema baadaye, na mumewe anamtania kwa hilo mpaka leo.

Dina aliinakili diski kwenye flashi mbili, moja ya kituo, moja ya familia. Severina aliandika maelezo ya stika iliyochanika, na hadi sasa hajaulizwa.

Wiki hii kibandani kuna benchi jipya. Dina ameomba ruhusa apite kwenye vituo vya jirani, mchana mmoja kila kimoja, awaonyeshe wafanya usafi na makarani jinsi ya kutunza mashine. Anatafuta pia wasichana wawili wa kuwafundisha, wasio na haraka.

"Mashine mpya zitaendelea kuja," anasema. "Nami nilishikishwa taa bure. Siwezi kuizima hapa kwangu."

Anakatizwa na hodi. Ni Laurenti, mkanda mpana umefunga kiuno chake juu ya shati, fimbo mkononi. Ametembea kutoka stendi. Anataka achapiwe picha moja ya mgongo wake, aitundike nyumbani.

"Karibu, kaka. Kaa hapo kwenye benchi," Dina anamwambia.

Laurenti analitazama benchi, anatikisa kichwa.

"Acha nisimame kwanza, fundi. Mwaka huu nimelala sana."