Yowe la Scola

Dada yangu Scola alijaliwa sauti. Tangu tukiwa wasichana kwetu Nkoma, akipiga yowe, hata jirani wa ng'ambo ya bonde anashika rungu. Kwetu yowe halina mjadala: ukilisikia unatoka mbio, na asiyetoka anatengwa, hapewi hata kaa la moto. Ndiyo maana wenzake kiwandani Bariadi, wengi wao watu wa Nkoma, walipomchagua mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi walisema safari hii wamepata mwenye koo.

Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kimetoka mikononi mwa ushirika, kimeuzwa kwa tajiri. Tajiri akaona vifuniko vya mashine vinachelewesha kazi, akaamuru ving'olewe. Pamba ikikwama, watu wanaichokonoa kwa mikono huku meno yanazunguka. Scola alikwenda ofisini kwake mpaka akachoka. Akaita bwana mmoja wa chama kutoka mkoani. Huyo naye akaja, akanywa soda na tajiri, kisha akamwambia dada awe mvumilivu, sasa ni soko huria. Uvumilivu! Meno ya chuma yanajua uvumilivu?

Basi wafanyakazi wakakubaliana wenyewe, nyumbani kwa Scola, mimi nikiwapikia chai. Scola akipiga yowe, kila mtu azime mashine atoke kwenda uani, na asirudi mtu ndani mpaka vifuniko virudi. Wa kwanza kuapa alikuwa Ngassa, shemeji yetu, kwa mbwembwe zote.

Habari zikamfikia tajiri. Asubuhi akatangaza kwamba atakayeacha mashine, msimu wake umekwisha, na getini vijana wa Dutwa wamejaa wanasubiri nafasi. Scola akasimama katikati ya ua, akapiga yowe. Mimi nililisikia nikiwa sokoni! Hakutoka hata mmoja. Alisimama pale juani peke yake mpaka mlinzi akaja kumtoa nje. Na aliyetengwa ni yeye. Wenzake wakawa wanaogopa hata kumsalimia njiani.

Kabla ya msimu kwisha, mashine ilimkata Ngassa mkono wa kulia. Tajiri akasema ni uzembe wake. Wa kumtetea, Scola, alikwishafukuzwa, yuko Nkoma analima.

Mwaka uliofuata, mchana kweupe, wezi waliswaga ng'ombe wa Scola kutoka malishoni. Akapiga yowe. Lo, walivyotoka! Walewale wa kiwandani, msimu wa pamba ulikuwa haujaanza na wako makwao, na marungu na mishale, Ngassa mbele kabisa, rungu mkono wa kushoto. Ng'ombe walipatikana kabla ya jua kuzama. Watu wakakaa uani kwake wakihema, naye akawagawia maji. Alipofika kwa Ngassa akasimama na kata mkononi.

"Kumbe mnasikia," alisema.

Ngassa alikuwa anatazama chini.

"Hata siku ile tulisikia, mayu," alisema, kama anayesema na mama yake.

Dada alimpa maji yake, akaenda kuwafungia ng'ombe zizini.