Kifungua Mimba wa Mwalimu Wabwile

Mwalimu Wabwile wa Bungoma alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolipenda kuliko chumvi. Panga likikataa kukata, lilikuwa dull. Mawingu yakiziba jua, siku ilikuwa dull. Shati lililopauka, dull. Soko lisilo na wateja, dull. Na jino lililomuuma polepole bila kuacha, maumivu yake yalikuwa dull pia. Panga alilinoa, shati akaligawa, jino akaling'oa. Mwanawe wa kwanza, Wekoye, hakujua la kumfanya, basi akamwachia neno hilo kama jina.

Ni kweli Wekoye alikuwa mzito wa kusoma. Lakini aliyemfundisha darasa la saba ni baba yake huyo huyo, naye akamrudisha darasa lile tena na tena, mpaka mdogo wake Levi akamfikia, wakakaa dawati moja, kisha Levi akavuka na kumwacha pale pale. Usiniulize mtu wa kumfanyia mwanawe hivyo ana moyo wa namna gani. Jumapili alikuwa mbele kanisani, akiongoza nyimbo.

Wekoye akakimbilia Kitale, akawa fundi wa baiskeli kule Kibomet, akaoa na kulea. Huku nyumbani, Levi alipoingia chuo kikuu, Mwalimu akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo aitwe Baba Levi. Majirani walibaki midomo wazi, maana mzazi huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, awe tajiri au fukara, hata awe amekufa. Mkewe, Nanyama, ndiye pekee aliyeendelea kumwita Baba Wekoye, tena kwa sauti ya chini.

Mwaka jana Mwalimu akapigwa na kiharusi. Watoto wakashauriana kwa simu. Levi ana ofisi Nairobi, dada yao Phanice ana wanafunzi wake.

"Si wewe Wekoye uko tu," Levi akasema. "Baiskeli zinaweza ngoja."

Basi Wekoye akafunga kibanda, akarudi Bungoma kumlisha mzee uji, kumwogesha na kumbadilisha nguo zilizolowa. Aliifanya kazi hiyo kwa upendo, lakini tusidanganyane, alikuwa na lake moyoni. Kwao, mzee akihisi siku zake zimekwisha huwaita wanawe, huwawekea mkono kichwani na kumtaja kila mmoja kwa jina, na anayetajwa huitika ili baraka imshukie. Wekoye alitaka kutajwa. Shamba wangeweza kugawana wenyewe.

Mwezi wa nane, ulimi ukiwa umerudi nusu, mzee akaagiza waitwe. Wakaja. Mkubwa ndiye huanza, lakini Levi alikuwa tayari amepiga magoti, na hakuna aliyemwambia ainuke.

"Levi," mzee akatamka, jasho likimtoka.

Akaitika. Akaja Phanice, naye akatajwa. Kisha Wekoye akapiga magoti, kichwa chenye mvi kikainama. Mkono ukatua juu yake. Mdomo wa mzee ukafunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Kila mtu aliona kwamba anatafuta. Machoni mwake hamkuwa na dharau hata chembe. Alikuwa anahangaika kumfurahisha mtu anayemlisha.

"Dull," akasema kwa upole.

"Baba Wekoye," Nanyama akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika nje, "huyu ni Wekoye. Sema Wekoye."

Mzee akamtazama mkewe, asielewe huyo Wekoye ni nani. Akampapasa mwanawe kichwani.

"Dull," akarudia. "Dull wangu."

Wekoye alitamani kuutupa ule mkono, aende Kitale kwa miguu, asirudi hata kwa mazishi. Akamwangalia Levi, Levi akaangalia simu yake. Na mzee alikuwa bado anangoja, mkono ukizidi kuwa mzito, maana aliyetajwa ni lazima aitike.

"Naam, baba," Wekoye akasema.