Papa aligonga bega mara mbili

Marafiki, leo tumezika Papa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Mama akakataa kuondoka kaburini.

Pasta alimuomba. Bashangazi balimuomba. Akakaa tu chini.

Mzee mumoja akashuka kwa boda kutoka Kakoba. Hatumujui. Hakusema hata pole! Akamugonga Mama bega mara mbili.

Mama akasimama.

Tulishangaa, maana Papa alikuwa anatugonga vile kusema "twende". Tulizani ni mambo ya kwetu tu.

Mzee akasema: "Kwa vita niliendesha kifaru, Papa yenu anapiga mzinga. Makelele mingi mule ndani. Akimaliza kupiga, ananigonga vile, naondosha kifaru mbele adui batupige. Ndiyo maana niko muzima."

Kwa njia ya kurudi nilisimama, nikaangalia nyuma kwa kaburi.

Mama akanigonga bega. Mara mbili.